Waliokata Kibanja cha Vestina

Vestina alizaliwa Kimwani, kusini mwa Muleba, na kuanzia darasa la kwanza mpaka la saba hakuna aliyewahi kumpita kwenye hesabu. Alipochaguliwa kwenda sekondari, baba yake aliisoma ile barua mara mbili, akaikunja, akasema nyumba ile ina uwezo wa kusomesha mtoto mmoja tu, naye ni Mwijage, mtoto wa kiume. Mwijage alisoma mihula miwili, akarudi na godoro lake kichwani akisema shule imemshinda. Wakati huo Vestina alikwisha kukabidhiwa jembe. Vestina hakumchukia kaka yake. Baba ndiye aliyembebea kinyongo kwa miaka yote, na siku ya kumzika mzee yule, watu wakiomboleza, yeye alisimama kando ya kaburi macho makavu.

Aliolewa Kanazi, kwa Karugendo, akiwa na miaka kumi na tisa. Mama mkwe wake, Ma Kokwijuka, alimzungusha kibanjani, shamba linaloizunguka nyumba, siku ya tatu, amwoneshe mali ya nyumba: migomba, mibuni iliyo katikati yake, maharage chini. Bibi harusi wengine wangeuliza maji yanachotwa wapi. Vestina aliuliza kwa nini migomba ya upande wa juu imenenepa kuliko ya upande wa chini, na samadi ni ile ile ya ng'ombe wale wale.

"Hukuletwa kuipima migomba, mwanangu," Ma Kokwijuka alimwambia huku akicheka. "Umeletwa kuipalilia."

Hata hivyo swali lile lilimpendeza yule bibi. Msimu uliofuata alimgawia pembe moja ya kibanja, mashina ishirini, akamwambia aifanyie atakavyo. Na Vestina alifanya. Kumi aliyafunika nyasi nene, kumi akayafunika nyasi haba, akangoja mvua mbili zipite. Kumi yaliyofunikwa sana yalizaa mikungu ambayo Karugendo aliibeba begani akiinama. Kuanzia hapo kibanja kizima kilifunikwa nyasi nene, na majirani waliiga bila kusema wameiga kwa nani. Kwa mila ya Wahaya kibanja ni cha mwanamume, na hicho kilikuwa cha Karugendo. Lakini Karugendo, mtu mpole asiyependa maneno, alijua ni akili ya nani iliyokuwa ikitembea mle ndani. Mgeni akikisifia kibanja, yeye huelekeza kidole jikoni.

Ugonjwa wa mnyauko ulipofika Kanazi ulianza kwa Klaudia, jirani yao wa bondeni. Majani ya mgomba yanageuka manjano na kulegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, na ukizipasua ndani zina rangi ya kutu. Ukikata shina linatoa usaha. Watu wakauita unyanjano, wakaanza kusali rozari kwa ajili yake. Mabwana shamba walikuja na amri moja: ukiona mgomba mmoja umeugua, ng'oa shina lote na watoto wake wote, choma au fukia, uache ardhi wazi.

Mgomba wa kwanza kuugua kwa Vestina ulikuwa nshakala mkubwa nyuma ya zizi. Ulikuwa mama, pembeni yake mtoto aliyekwisha kufika kifuani, na mjukuu mdogo. Vestina aliuzunguka mara tatu. Mama ameugua, hilo linaonekana. Lakini mtoto alikuwa mbichi, majani yamesimama, na alipochanja shina lake kidogo kwa kisu hakuona usaha. Akamkata mama peke yake chini kabisa, akaunguza panga motoni mpaka likabadilika rangi, akamwacha mtoto. Miezi kumi baadaye mtoto yule alizaa mkungu safi, nao wakaula.

Hakutosheka na mgomba mmoja, maana mgomba mmoja huweza kubahatisha. Kila shina lililougua alifanya kwa zamu: hili amkate mgonjwa tu, linalofuata aling'oe lote kama serikali inavyosema. Yale ya kwanza aliyafunga kamba nyekundu, ya pili akasimika vijiti. Kile kichwa cha zambarau kinachoning'inia chini ya mkungu alikivunja kwa mti wenye panda, bila kukigusa kwa panga, kwa sababu aliona nyuki na nyigu wakitoka kwenye migomba ya Klaudia na kutua pale. Baada ya miaka mitatu alikuwa na mashina kumi na mawili ya kamba na kumi na moja ya vijiti. Ya kamba, tisa yalikuwa yakizaa, matatu yaliugua tena akakata tena. Ya vijiti, kwa kuwa alipanda upya, manne tu ndiyo yalikuwa yameanza kutoa chakula.

Alimweleza bwana shamba aliyekuwa akisimamia kata yao. Alimwonesha kamba na vijiti. Alimwambia hata yale matatu yaliyorudi kuugua, hakuficha. Yule bwana alitazama saa.

"Mama, sisi tunafuata utafiti."

"Na huu ni nini, waitu?"

"Hizi ni kamba," alijibu, na wenzake aliokuja nao wakacheka.

Miaka kumi na mmoja iliyopita ikaja operesheni. Kijiji kilipitisha sheria ndogo: mwenye mgomba mgonjwa ambaye hajang'oa, atang'olewa kwa nguvu, na kibanja chake kitasafishwa chote kama kina wagonjwa zaidi ya watano. Siku ile Vestina alikuwa na wagonjwa saba kati ya mashina mia moja na sitini. Na mtu aliyehesabu wale saba, akawaandika kwenye fomu, alikuwa binti yake mwenyewe.

Edvina alikuwa na miaka ishirini na minne, ametoka chuo cha kilimo, ana miezi mitano kazini. Ndiye aliyefika mwisho wa ile safari ambayo mama yake alikatishwa njiani, na Vestina alikuwa akilitamka neno "afisa ugani" kanisani kwa sauti ya kusikika benchi la nyuma. Wakubwa zake walimwambia: anza kwenu, wengine wataogopa. Naye alianza kwao.

"Mae, nikiacha kwetu, nitamwambia nini Klaudia?" alisema, amesimama uani na buti za mpira. Nyuma yake walikuwa vijana tisa wenye mapanga na majembe, na Byabato, mtendaji wa kijiji, ameshika karatasi.

"Mwambie ukweli. Mwambie mama yako ana wagonjwa saba na atawakata saba."

"Utafiti unasema shina lote lina vijidudu. Ukiacha mtoto umeacha ugonjwa."

"Njoo nikuoneshe watoto niliowaacha. Njoo, Edvina. Ni hatua ishirini tu kutoka hapo uliposimama."

Edvina hakwenda. Hizo hatua ishirini ndizo Vestina hakuzisahau. Angekwenda akaona, akabisha, wangegombana wakamaliza. Lakini aligeuka akamtazama Byabato, na Byabato akawapa vijana ishara.

Walikata tangu asubuhi mpaka saa kumi. Karugendo alikaa barazani ameshika kofia yake mikononi. Ma Kokwijuka, ambaye wakati huo alikuwa na miaka themanini na zaidi na haoni vizuri, alikuwa akiuliza kila mgomba ulipoanguka: "Huo ni upi?" Na Vestina alikuwa akimjibu. Nchoncho wa njiani. Nkonjwa wa karibu na shimo. Nshakala ulioupanda mwaka aliozaliwa Karugendo. Vijana walikata iliyougua na isiyougua, wakavunja matawi ya mibuni, na hawakuunguza panga hata moja motoni. Vestina aliliona hilo pia. Alipowapigia kelele kwamba wanautembeza ugonjwa kwa mapanga yao, mmoja alimjibu kwamba hakuna mgomba utakaobaki wa kuambukizwa.

Ma Kokwijuka alifariki kabla mwaka haujaisha. Kwenye msiba wake, nyumba ambayo haikuwahi kukosa ndizi tangu ijengwe iliwapikia waombolezaji ugali. Watu walikula, hakuna aliyesema neno, na ile heshima yao ya kunyamaza ndiyo iliyomchoma Karugendo kuliko tusi. Tangu siku hiyo Vestina hakumfukuza binti yake, wala hakumkaribisha. Edvina akija Krismasi alipewa kiti, akapewa chai. Akiaga alijibiwa, "Haya."

Walipanda upya. Ilichukua miaka. Mnyauko ukarudi kwenye migomba mipya vilevile, na safari hii Vestina hakuuliza ruhusa ya mtu. Akiona mgonjwa alimkata alfajiri, peke yake, akafunika kisiki kwa nyasi, kama mtu anayeficha wizi. Kulima kwa kujificha kwenye shamba lako mwenyewe, baada ya miaka thelathini ya kulilisha samadi! Kila kisiki alichokifunika kilimwongezea uchungu.

Mwaka jana, mwezi wa pili, waliitwa ofisi ya kata kwenye mafunzo. Mradi umekuja, walisema, na mtafiti kutoka kituo cha utafiti, Dokta Buberwa, ataleta teknolojia mpya ya kupambana na mnyauko. Vestina alikaa benchi la tatu pamoja na Klaudia. Edvina, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa maafisa ugani wa tarafa, alikuwa mbele akigawa karatasi ya mahudhurio.

Dokta Buberwa alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya taratibu, na alionekana kuijua kazi yake. Alibandika picha ukutani: mgomba mama mgonjwa, mtoto mzima. Akaeleza kwamba utafiti umegundua vijidudu haviingii shina lote kwa mara moja. Watoto wengi wa mgomba mgonjwa wanakuwa salama kwa muda mrefu. Kwa hiyo mkulima asing'oe shina zima. Akate ule mgomba mmoja ulioonesha dalili, chini kabisa, aunguze panga motoni, na kile kichwa cha zambarau akivunje kwa mti wenye panda.

Klaudia alimgeukia Vestina taratibu sana. Vestina alikuwa amesimama tayari.

"Hiyo mnaiita mpya?"

"Ndiyo, mama. Ni teknolojia rahisi, haina gharama—"

"Nimeuliza kama ni mpya. Mimi ni Vestina wa Karugendo. Niliifanya kabla ya operesheni. Nilikuwa na mashina kumi na mawili ya kamba nyekundu. Nilimwonesha bwana shamba wenu akacheka. Halafu mkaja mkakata mashina mia na sitini, mia na hamsini na tatu yakiwa mazima. Mama mkwe wangu alikufa akiuliza migomba yake iko wapi. Kwa hiyo naomba uniambie, dokta, huo utafiti wako mmeujua lini?"

Dokta Buberwa alivua miwani, na kwa sifa yake, hakutafuta pa kukimbilia.

"Majaribio yalichukua miaka mingi, mama. Yalifanyika pia nchi jirani. Matokeo tuliyatoa kwa maafisa ugani wa wilaya hizi… semina ya kwanza ilikuwa miaka sita iliyopita, pale Bukoba mjini."

"Maafisa ugani gani?"

Macho ya watu wote yalikuwa yamekwisha kwenda kwa Edvina.

Vestina hakupaza sauti. Klaudia anasema afadhali angepaza. Aliuliza tu, "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Mae."

Vestina alichukua mtandio wake, akatoka.

Edvina alifika nyumbani jioni ile ile, kwa miguu. Karugendo alimkuta amesimama langoni kama mgeni asiyejua mbwa wa nyumba, akamshika mkono akamwingiza. Vestina alikuwa jikoni akimenya ndizi, na hakuacha kumenya.

"Miaka sita," alisema.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ningekuja kukuambia nini? Kwamba nilikikata kibanja cha bibi bure? Kila nikija hapa nilikuwa naanza kusema, unanipa chai, nashindwa." Alikuwa akilia. "Nikajisemea, Mae anajua anachofanya, ataendelea kukata mmoja mmoja, mimi nitafumba macho. Nilijua unakata alfajiri. Vijana waliniletea taarifa mara mbili, nikaichana."

"Unataka nikushukuru?"

"Hapana."

"Mimi uliniogopa, nakubali. Mimi ni mama yako na nina ulimi. Na watu wengine je?" Kisu kilikuwa hakisimami. "Mwezi uliopita mjomba wako Mwijage amepelekewa barua kule Kimwani. Ana wagonjwa tisa. Wamempa siku arobaini ang'oe kibanja chote, la sivyo watamng'olea. Kwa sheria ile ile. Miaka sita mnajua, na barua bado zinatoka! Nani alikuwa na kazi ya kuzizuia hizo barua, Edvina? Mimi niliyeishia darasa la saba?"

Edvina alikaa chini kando ya ndizi zilizomenywa.

"Siku arobaini zinaisha Alhamisi," mama yake alisema. "Jumatano utanichukua hapa. Na yule dokta wako aje na zile picha zake."

Walikwenda kwa gari la mradi, Dokta Buberwa akiendesha mwenyewe. Njia nzima Vestina aliongea na dokta tu. Alimuuliza ni mashina mangapi waliyopima, waliyahesabu kila baada ya muda gani, na mangapi yalirudi kuugua. Dokta alijibu kila swali, na baada ya Muleba mjini alianza kuuliza yeye. Alipoambiwa matatu kati ya kumi na mawili yalirudi kuugua, akasema kwamba yao yalikuwa karibu vivyo hivyo.

"Basi mngenisikiliza mngeokoa miaka," Vestina alimwambia.

"Nisingeweza kuthibitisha kwa mashina kumi na mawili, mama. Ni machache."

"Ni machache. Ndiyo maana nilimwita mtaalamu aje aongeze. Sikumwita aje acheke."

Kimwani walikuta kazi imeanza. Hawakungoja Alhamisi. Vijana sita walikuwa wameingia kibanjani kwa Mwijage na mtendaji wa pale, na migomba kama ishirini ilikwisha kulala chini. Mwijage, mvi kichwani, alikuwa anazozana nao kwa sauti iliyokauka. Vestina alishuka gari kabla halijasimama vizuri. Akapita katikati ya wale vijana, akasimama mbele ya mgomba uliokuwa unafuata, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Huu unaugua wapi? Nioneshe!"

"Mama, toka. Ni amri ya kijiji," mtendaji alisema.

"Nimekuuliza ugonjwa uko wapi. Wewe ndiye uliyekuja kukata. Nioneshe jani la manjano, nioneshe usaha, nami nitakushikia panga."

Yule kijana mwenye panga alimtazama mtendaji. Mtendaji akatazama mgomba, ambao haukuwa na jani hata moja la manjano, akaanza kusema habari za sheria na utafiti. Hapo ndipo Edvina alipokuja. Alikuwa amevaa zile buti za mpira.

"Simamisheni kazi," alisema. "Mimi ni afisa kilimo kutoka Bukoba. Huo utafiti mnaousema umebadilika miaka sita iliyopita. Mimi nilikuwepo kwenye semina, na ofisi ya kilimo ya hapa ilikuwepo. Hatukuwaambia. Tuliokosea ni sisi."

"Nina barua," mtendaji alisema.

"Hata mimi niliwahi kuwa na barua," Edvina alijibu. "Nilikata kibanja cha mama yangu kwa barua. Ni huyu hapa."

Mtendaji alipiga simu, akatembea huku na huku, akapiga nyingine. Dokta Buberwa aliongea na mkubwa wake kwa dakika ishirini nzima, kwa maneno mengi ya kitaalamu. Mwishowe vijana waliambiwa warudi. Mtendaji alisema ni kwa wiki mbili tu, mpaka yaje maelekezo, akaondoka bila kuaga. Migomba ishirini iliyolala pale haikuwa na wa kuilipa, na Mwijage aliuliza mara tatu nani ataijibia. Wagonjwa tisa Vestina aliwakata yeye mwenyewe, mmoja mmoja, akiunguza panga kila mara, na kila alipokata alimwamuru Edvina ainame amchunguze mtoto.

"Mchanje. Unaona usaha?"

"Sioni."

"Angalia vizuri."

"Sioni, Mae."

"Haya, mwingine."

Kutoka hapo Vestina hakukubali mambo yaishie kwa Mwijage. Dokta alimwomba awe mkulima wa mfano wa mradi, watu waje kujifunza kwake. Alikataa. Alisema hatafundisha mtu kuvunja sheria. Waifute kwanza ile sheria ndogo, na waifute mbele ya wale wale waliokatiwa. Ilimchukua miezi mitano. Byabato alimzungusha: leo muhtasari haupo, kesho mwenyekiti amesafiri, keshokutwa akidi haijatimia. Vestina alikwenda ofisi ya kijiji kila Jumatatu, akakaa kwenye benchi na kikapu chake miguuni. Karugendo, ambaye hakuwahi kupaza sauti mbele za watu, Jumatatu ya kumi na nane alifuatana naye, akakaa pembeni yake, akamwambia Byabato, "Siku ile nilishika kofia yangu nikanyamaza. Sinyamazi tena." Wiki tatu baadaye mkutano wa kijiji uliitwa.

Watu walijaa. Edvina alisimama bila kuitwa, akasoma ile amri ya zamani neno kwa neno, akasema ni yeye aliyehesabu wagonjwa saba wa mama yake, aliyeleta vijana, aliyekataa kwenda hatua ishirini kuangalia, na aliyejua ukweli kwa miaka sita akanyamaza. Akaomba radhi kwa kila nyumba iliyokatiwa, akizitaja kwa majina, nyumba kumi na nne. Klaudia alilia waziwazi. Mzee mmoja alisema radhi haiivi jikoni, na wengi walimpigia makofi. Sheria ikafutwa kwa mikono iliyonyooshwa. Byabato aliandika kwenye muhtasari kwamba imefutwa "kutokana na mabadiliko ya teknolojia". Vestina alimfanya asome kwa sauti, akamwambia afute aandike kwamba imefutwa kwa kuwa ilikuwa na makosa. Walibishana nusu saa. Aliandika.

Kimwani haijafutwa mpaka leo. Wiki mbili zile zimekuwa miezi, hakuna aliyerudi kwa Mwijage, lakini kwa jirani zake wawili wamekwenda. Mara mbili kwa mwezi Vestina hupanda gari kwenda kule kuwaonesha watu kazi. Na ripoti ya mradi ilipotoka, Dokta Buberwa aliileta mwenyewe, akamfungulia ukurasa walipoandika kwamba mbinu hiyo "ilikwishajaribiwa na baadhi ya wakulima wa Kanazi".

"Baadhi ni nani?" Vestina aliuliza.

Dokta alisema ndivyo ripoti zinavyoandikwa, wakubwa hawakubali majina ya wakulima. Vestina alimrudishia ile ripoti, akamwambia ataipokea siku itakapokuwa na jina, na kama haitakuwa na jina asiilete. Alimpa chai. Akampa na ndizi za nyama, maana ni mgeni, na njaa haina ripoti.

Edvina sasa huja kila Jumamosi. Hakuna aliyetamka neno la kusamehe katika nyumba ile. Watu wa jumuiya wamejaribu kuwapatanisha, Vestina akawajibu kwamba mtoto amesema alichopaswa kusema, na yeye anakipima bado. Jumamosi iliyopita, walipokuwa wakifunika nyasi upande wa chini, Edvina aliona jani la manjano kwenye nchoncho mmoja mchanga, akachukua panga, akainama kukata.

"Ngoja," mama yake alimwambia. "Umeliunguza?"

Edvina alirudi jikoni kuliunguza. Vestina alisimama kando ya mgomba akimngoja, amefura, mkono kiunoni.